Kipimo cha Mwili wa Mwanamke: Toka Karagwe Hadi Meza ya Upasuaji

Tunapozungumzia utamaduni wa taifa, aghalabu tunataja ngoma, lugha, mavazi na vyakula. Ni mara chache tunapokumbuka kuwa mwili wenyewe wa binadamu nao una historia. Unene na wembamba si suala la kilo peke yake. Kila jamii huyapa mambo hayo maana, na maana hiyo hubadilika kadiri maisha yanavyobadilika. Katika makala hii tunakusudia kuifuata historia hiyo kwa upande wa wanawake, tukianzia Karagwe ya karne ya 19 na kuishia katika zama hizi ambapo mwanamke mnene aweza kupasuliwa tumbo ili apungue. Hoja yetu ni kwamba katika muda wote huo mwili wa mwanamke umepimwa na watu wengine, na kwamba kisu cha daktari, hata kiwe stadi namna gani, hakiwezi peke yake kuyabadili macho ya wapimaji.

Mwaka 1861 msafiri Mwingereza, John Hanning Speke, alifika kwa Rumanyika, mtawala wa Karagwe, nchi ambayo leo imo katika Mkoa wa Kagera. Aliwakuta wanawake wa jamaa ya mtawala wakinyweshwa maziwa kwa wingi, hata baadhi yao wakawa hawawezi kusimama wima. Mmojawapo, shemeji yake Rumanyika, alimpima: urefu wake ulikuwa kiasi cha sentimeta 173, mzingo wa kifua sentimeta 132, na mzingo wa mkono sentimeta 58. Aliandika pia habari za binti wa miaka 16 aliyekuwa akinywa maziwa huku baba yake ameshika fimbo. Vipimo hivyo vilichapishwa Uingereza mwaka 1863.

Yatupasa kuisoma habari hii kwa tahadhari, kwani Speke alikuwa mgeni aliyewaandikia watu wa kwao ili wastaajabu. Hata hivyo, inatufunza jambo kubwa. Unene ule ulikuwa tangazo la mali. Mwanamke asiyeweza kusimama hawezi kushika jembe. Hivyo mwili wake ulitangaza kwamba mumewe ana ng'ombe wa kutosha na watu wa kumfanyia kazi. Wakati huo huo mke wa mkulima wa kawaida alikuwa akilima, akichota maji na kutwanga. Heshima ya unene, basi, ilikuwa heshima ya tabaka, na ile fimbo mkononi mwa baba yatuonyesha nani aliyelipa gharama yake. Kitabu kimetuhifadhia sentimeta za mwanamke yule. Maoni yake hakikutuhifadhia.

Desturi ya kuuthamini mwili ulionawiri haikuwa ya Karagwe tu. Katika Uzaramo, mathalani, mwali alikuwa akiwekwa ndani kwa muda mrefu, akipumzishwa na kulishwa vizuri, ili siku ya kutolewa watu waone kwamba ametunzwa. Hata katika mazungumzo ya kawaida, mtu aliyeambiwa "umenenepa" aliweza kushukuru, kwa kuwa maana yake ilikuwa kwamba maisha yamemwendea vyema.

Katika miaka ya 1980 wembamba nao ulipata maana mpya ya kutisha. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa huko huko Kagera. Kabla ya ugonjwa huo kufahamika kwa jina lake, watu waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiuzwa wakati huo. Dalili yake iliyoogopwa zaidi ilikuwa kukonda. Hivyo, katika mkoa ule ule ambako zamani unene ulikuwa alama ya enzi, kukonda kukawa alama ya kifo. Ingawa dawa za kufubaza virusi zimeokoa maisha ya wengi tangu wakati huo, shaka juu ya mtu aliyekonda ghafla haikutoweka.

Wakati huo huo maisha ya mijini yalikuwa yakibadilika. Safari za miguu zilipungua, kazi za kukaa ziliongezeka, na mafuta ya kupikia, sukari na vyakula vya kukaanga vikapatikana kwa urahisi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Kipimo kinachotumiwa ni kugawa uzito kwa kilo kwa mraba wa urefu kwa mita. Mwanamke mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 77 hupata 30, na hapo ndipo unene wa kupindukia unapoanzia. Unene wa namna hiyo huongeza hatari ya kupata kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya viungo.

Upasuaji wa kupunguza unene ulianza Marekani katika miaka ya 1950, kwa kufupisha njia ya chakula katika utumbo mwembamba. Njia hiyo ilileta madhara mengi, ikaachwa. Katika miaka ya 1960 Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, akiwa ameona kwamba wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliokatwa sehemu ya tumbo hupungua uzito, alibuni njia ya kutenga kifuko kidogo cha tumbo na kukiunganisha na utumbo. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani walipendekeza upasuaji kwa wenye kipimo cha 40, au 35 pamoja na maradhi. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji vilishusha kiwango hicho hadi 35 bila sharti la maradhi. Utafiti mkubwa wa Sweden, ulioanza mwaka 1987 na kuhusisha zaidi ya watu 4,000, ulithibitisha mwaka 2007 kwamba waliopasuliwa walipungukiwa na vifo kuliko wenzao wasiopasuliwa. Wengi wa waliopasuliwa katika utafiti huo walikuwa wanawake, na ndivyo ilivyo katika nchi nyingi.

Je, wanawake hao hupitia nini? Uzito hupungua upesi katika mwaka wa kwanza. Magoti hupata nafuu, kisukari huweza kutulia, na baadhi ya waliokuwa hawashiki mimba huweza kushika, ingawa hushauriwa kungoja mwaka mmoja au zaidi. Lakini nywele hunyonyoka kwa miezi kadhaa, ngozi hubaki ikilegea, chakula kingi au kitamu mno huleta kizunguzungu na jasho, na vitamini lazima zitumiwe maisha yote. Upasuaji haumalizi kazi, huianzisha.

Zaidi ya hayo yapo ya kijamii. Wengi wao hueleza furaha iliyochanganyika na uchungu: watu wasiowasalimu jana, leo wanawachangamkia. Hujiuliza, "Je, nilikuwa si mtu?" Wengine huambiwa kwamba wametafuta njia ya mkato, kana kwamba kukatwa tumbo ni wepesi. Hata ndoa hutikisika: utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba baada ya upasuaji walioolewa au kuoa waliongezeka miongoni mwa waliokuwa peke yao, na walioachana pia waliongezeka miongoni mwa waliokuwa na wenzi. Kwetu, ambako kumbukumbu ya miaka ya 1980 ingali hai, mwanamke anayepungua upesi aweza kukabiliwa na swali jingine: ana ugonjwa gani?

Ni dhahiri, basi, kwamba tiba ya mwili yahitaji kusindikizwa na elimu ya jamii. Waalimu wa historia, baiolojia na uraia wanao wajibu hapa. Mwanafunzi afundishwe kwamba unene wa kupindukia ni ugonjwa wenye sababu nyingi, wala si ushahidi wa uvivu. Kwamba kukonda si hukumu. Na kwamba kumtania mwenziwe kwa umbo lake si mzaha usio na madhara. Speke alimpima mwanamke wa Karagwe asitwambie alilofikiri. Sisi tuna nafasi ya kutenda bora zaidi: kumsikiliza mwanamke kwanza, ndipo tumwulize kama angependa kupimwa.