Dola Isiyo na Kiti: Mtaji wa Mezani na Uwekezaji wa Muda Mrefu kwa Wacheza Poka Vijana

Stu Ungar alitwaa ubingwa wa dunia wa poka mjini Las Vegas mara tatu, mwaka 1980, 1981 na 1997. Novemba 1998 alifariki katika hoteli ya mji huohuo akiwa hana akiba ya kutajwa. Mijadala mingi kuhusu fedha za wacheza karata huanza na yeye, na hapo ndipo inapopotea njia. Ungar alikuwa mraibu wa dawa za kulevya. Kumfanya yeye kuwa funzo ni kumfariji kijana mwenye nidhamu kwamba, kwa kuwa hagusi kokeini, basi yu salama. Hoja ya makala hii ni kwamba hayuko salama. Mchezaji mahiri, mtulivu, asiyelewa wala kukopa, anaweza kufilisika kwa hesabu tupu. Kinga yake si kucheza vizuri zaidi, bali kuzitoa fedha mezani mapema na kuzipeleka mahali ambapo kipaji chake hakina kazi.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam, aliyechoshwa na habari za vijana wanaobeti mechi, ana haki ya kuuliza kama kamari inaweza kuitwa kazi. Anayebeti hushindana na kampuni iliyokwisha kupanga odi kwa faida yake. Mcheza poka hushindana na wachezaji wenzake, na kasino hukata ada tu, kwa hiyo aliye bora kuliko wenzake kwa kiasi cha kuizidi ada hiyo hupata faida muda ukiwa mrefu. Sheria ya Marekani nayo inaitambua kazi ya namna hii: mwaka 1987, katika shauri la Groetzinger, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtu anayecheza kamari muda wote ili kujipatia riziki anafanya biashara. Groetzinger mwenyewe hakuwa mcheza karata. Alikuwa akibeti mbio za mbwa.

Tumchukue basi mchezaji wa kubuni, wa miaka 24, anayeketi kwenye meza ya dola 5 na 10 akiwa na dola 1,000 mbele yake. Kwa wastani anapata dola 50 kwa saa, na anacheza saa 1,000 kwa mwaka. Matokeo ya saa moja moja hupanda na kushuka sana. Tuseme mkengeuko wastani ni dola 550, kiwango kisicho cha ajabu kwa mchezo huu. Mwaka ukiisha anatarajia dola 50,000, lakini kupata 15,000 au 85,000 bado kumo ndani ya mipaka ya kawaida. Ikiwa pango, chakula na bima vinamgharimu dola 40,000, basi zaidi ya mwaka mmoja katika kila minne utamwacha na upungufu bila yeye kukosea karata hata moja. Wahenga walisema kupata si kwa werevu na kukosa si ujinga. Takwimu za poka zinakubaliana nao, ila kwa mwaka mmoja tu. Kwa miaka kumi werevu huonekana, mradi mwenye nao awe bado yuko mezani.

Tatizo liko katika kubaki mezani. Tuseme ana dola 40,000 za kuchezea tu, na gharama za maisha zinatoka katika fungu jingine. Kwa fomula ya kawaida ya mwendo wa nasibu, uwezekano wa mtaji huo kuisha wote ni chini ya mara mbili katika milioni moja. Sasa tuseme anakula humohumo. Dola 40,000 za matumizi zikigawanywa kwa saa 1,000 ni dola 40 kila saa, kwa hiyo faida inayobaki kuulinda mtaji ni dola 10 na si 50. Uwezekano wa kufilisika unaruka hadi asilimia 7. Akianza na dola 20,000, unakaribia asilimia 27. Na wapinzani wakiimarika kidogo tu, ushindi wake ukashuka hadi dola 40 kwa saa, kufilisika hakuepukiki tena. Kilichobaki ni kujua ni lini. Ni mchezaji yuleyule na karata zilezile. Kilichobadilika ni mfuko anaotolea hela ya kula.

Vijana wengi hupinga kwa hoja yenye uzito: soko la hisa likitoa asilimia chache kwa mwaka, na meza ikinipa mara kumi ya hizo, kwa nini nitoe fedha mezani? Hujitetea kwa jina la John Kelly wa maabara za Bell, ambaye mwaka 1956 alionyesha jinsi ya kukuza mtaji kwa kuweka dau linalolingana na ubora wa nafasi uliyonayo. Lakini hesabu ya Kelly hudhani kwamba mtaji ukikua, dau nalo litakua pamoja nao. Kwenye meza yetu halikui. Dola 1,000 zinaketi, nyingine zinasubiri kama kinga dhidi ya vipindi vibaya, na kinga ikishatosha, dola inayofuata haina kiti. Faida ya mezani ni malipo ya ustadi na saa za kazi, si riba ya mtaji wote, kwa hiyo kuilinganisha na faida ya hisa kwa asilimia ni kulinganisha vitu visivyo vya jinsi moja. Ni kweli anaweza kuhamia meza kubwa zaidi. Huko atawakuta walio bora kuliko yeye, na zile dola 50 alizozizoea haziendi naye.

Ustadi wenyewe nao huchakaa. Januari 2017, katika kasino moja ya Pittsburgh, programu iitwayo Libratus iliwashinda wataalamu wanne wa poka katika jumla ya mikono 120,000. Programu za kukokotoa mchezo bora zilikuwa zimeshaanza kupatikana kwa yeyote mwenye kompyuta nzuri, na kile ambacho kizazi kilichotangulia kilikijua kwa uzoefu wa miaka kikawa kitu cha kusomwa katika miezi michache.

Hapa ndipo nadharia ya fedha inapohitaji kurekebishwa. Mwaka 1992 wachumi Bodie, Merton na Samuelson walieleza kwa nini kijana anaweza kushika hisa nyingi kuliko mzee: ana miaka mingi ya mshahara mbele yake, na anaweza kuongeza kazi soko likimwangusha. Kwa mwalimu au mhasibu, mshahara huo wa baadaye hufanana na hatifungani ya serikali. Mapato ya mcheza poka hayana utulivu huo. Wengine hukimbilia kusema kwamba basi aepuke hisa kabisa, nami sikubaliani nao. Misukosuko ya mezani kwa sehemu kubwa haihusiani na misukosuko ya soko, ingawa haijitengi nayo kabisa: mapato ya kasino za Nevada yalishuka mwaka 2008 na 2009, na matajiri waliokuja kupoteza fedha kwa starehe walipungua. Kinachobadilika ni mpangilio. Kwanza gharama za maisha za mwaka mmoja au zaidi, benki. Kisha mtaji wa mezani wenye kikomo kilichoandikwa. Kila kinachozidi kikomo hicho kiende kila mwezi kwenye mfuko wa gharama nafuu unaofuata fahirisi ya soko, wa aina ambayo John Bogle alianza kuwauzia wananchi wa kawaida mwaka 1976.

Kwa nini asichague hisa mwenyewe, yeye anayesoma watu na uwezekano kila siku? Ed Thorp alitoka kwenye hesabu za karata akafanikiwa sana sokoni, na kampuni ya Susquehanna hutumia poka kufundishia wafanyabiashara wake wa soko la fedha. Lakini Thorp aliingia sokoni na hesabu mpya za bei, si na ujasiri wa mezani. Poka humrudishia mchezaji majibu maelfu kwa mwezi. Mwekezaji wa muda mrefu hupata machache katika maisha yake yote, tena yamechanganyika na bahati. Kununua asilimia za ushindi wa wenzake, desturi iliyoenea sana, si uwekezaji wa aina nyingine. Ni poka ileile kwa mlango wa nyuma.

Fedha kukaa mbali na meza ni muhimu hata pale mchezo unapokwenda vizuri. Tarehe 15 Aprili 2011, waendesha mashtaka wa Marekani waliyafungulia kesi makampuni matatu makubwa ya poka ya intaneti. Wateja Wamarekani wa Full Tilt, mojawapo ya makampuni hayo, waligundua kwamba salio walilokuwa wakiliona kwenye skrini halikuwa na fedha za kulitosha nyuma yake, na hawakuanza kurudishiwa hadi 2014. Walichokiita mtaji kilikuwa mkopo usio na dhamana.

Kodi hubadilisha picha kutoka nchi hadi nchi. Uingereza haitozi kodi ushindi wa kamari, lakini kwa kuwa ushindi huo si mapato ya kazi, mchezaji asiye na kipato kingine hupata nafuu ya kodi kwa mchango wa pensheni usiozidi pauni 3,600 kwa mwaka; itambidi ategemee ISA, akaunti ya akiba isiyotozwa kodi, yenye kikomo cha pauni 20,000 kwa mwaka. Marekani humtoza anayecheza kamari kama kazi kodi ya waliojiajiri ya asilimia 15.3, juu ya kodi ya mapato, na humruhusu kufungua mpango wa kustaafu wa waliojiajiri. Kuanzia mwaka 2026, hata hivyo, anaruhusiwa kukata asilimia 90 tu ya hasara zake. Ikiwa mchezaji wetu alishinda jumla ya dola 500,000 katika siku nzuri na kupoteza 450,000 katika siku mbaya, faida yake ni 50,000, lakini hasara inayokubaliwa ni 405,000, naye hutozwa kama aliyepata 95,000. Baada ya kodi hiyo na gharama zake za dola 40,000, hana cha kupeleka sokoni hata mwaka unapomwendea kama ulivyotarajiwa. Mchezaji wa kiwango hiki, aliyesajiliwa kulipa kodi Marekani, hana tena haja ya kuuliza anunue mfuko gani. Ana uamuzi wa kufanya kuhusu kazi yenyewe, na ana nafuu ya kuufanya akiwa na miaka 24.