Luo Union: Bingwa wa Afrika Mashariki Aliyepotea na Jina Lake

Klabu ya Luo Union ya Kenya ilitwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika Mashariki na Kati mara mbili mfululizo, mwaka 1976 na mwaka 1977, ikiwa klabu ya kwanza ya Kenya kulichukua kombe hilo lililoanzishwa mwaka 1974, lakini kabla miaka mitatu haijapita vizuri jina lake lilikuwa limefutwa, na klabu yenyewe, baada ya kucheza kwa muda kwa jina jingine, ikafifia mpaka ikatoweka.

Asili yake ni chama kikubwa kilichoitwa kwa jina hilohilo, yaani chama cha kusaidiana cha Wajaluo waliotoka Nyanza, kando ya Ziwa Victoria, kwenda kutafuta kazi Nairobi, Mombasa, Kampala na kwingineko, ambako walihitaji watu wa kuwazika wafu wao na kuwasaidia wenye shida. Kiongozi wake mkuu, aliyepewa cheo cha Ker, katika miaka ya 1950 alikuwa Jaramogi Oginga Odinga, na mweka hazina wake, Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka 1953, alijengewa kwa michango ya wanachama ukumbi wa kumbukumbu ambao ungali umesimama mjini Kisumu. Klabu ya mpira iliyozaliwa mwaka 1957 ilikuwa tunda la mtandao huo wa michango na matawi, na ilikuwa na wafuasi popote palipokuwa na Mjaluo aliyeajiriwa mbali na kwao. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1963, Nakuru All Stars walikuwa mabingwa wa kwanza, na mwaka uliofuata ubingwa ukaenda kwa Luo Union.

Mwaka 1966 Odinga alijiuzulu umakamu wa rais na kuunda chama cha upinzani, KPU, huku Tom Mboya, Mjaluo mwenzake, akibaki serikalini, na mgawanyiko huo ukaigusa kila taasisi ya Wajaluo. Katika hali hiyo, Februari 1968, Luo Union iliungana na Luo Stars kuunda timu moja iliyopewa jina la Gor Mahia, mganga mashuhuri wa kale aliyesifiwa kwa miujiza, na timu hiyo mpya ikatwaa ubingwa wa ligi mwaka huohuo. Muungano haukuwaridhisha wote, kwani baadhi ya watu walijitoa na kuifufua Luo Union, na tangu hapo klabu mbili zikawa zinagombea wachezaji walewale na mapenzi ya mashabiki walewale.

Ushindani huo, ambao mtu angedhani ungezidhoofisha zote mbili, ulizaa miaka bora kuliko yote. Luo Union ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 1975, na mwaka 1976, wakati Gor Mahia ikitwaa ligi bila kupoteza mchezo hata mmoja, Luo Union iliifunga Young Africans ya Dar es Salaam katika fainali ya kombe la kanda, kisha mwaka 1977 ikalitetea kombe hilo mbele ya Horsed, timu ya jeshi la Somalia.

Mwaka 1980 serikali ya Rais Daniel arap Moi iliagiza vyama vya kikabila vivunjwe, na agizo hilo likavikumba si vyama vya siasa na biashara tu kama GEMA, kilichowakusanya Wakikuyu, Waembu na Wameru, bali pia timu za mpira zilizobeba majina ya makabila. Abaluhya, timu ya Waluhya, ikawa AFC Leopards, na Luo Union ikawa Re-Union. Gor Mahia, ambayo jina lake lilikuwa la mtu na halikutaja kabila, iliendelea kujulikana kwa jina hilo, ingawa kila aliyekwenda uwanjani alijua ni timu ya akina nani.

Msomaji wa Sange au Uvira, mashariki mwa Kongo, hatashangazwa na habari ya serikali kuingilia majina ya timu, kwa kuwa katika nchi yake, siasa ya Mobutu ya kurudia uasili ilipoigeuza Kongo kuwa Zaire mwaka 1971, Victoria Club ya Kinshasa ikawa Vita Club, Daring ikawa Imana, Dragons ikawa Bilima, na Englebert ya Lubumbashi, iliyobeba jina la kampuni ya matairi na kuwa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, ikawa Mazembe. Vita na Mazembe ziliendelea kuishi na kunyanyua makombe, kama AFC Leopards ilivyotwaa kombe la kanda mwaka 1982, 1983 na 1984. Kwa hiyo kubadili jina peke yake hakuui timu, na sababu ya kifo cha Luo Union haina budi kutafutwa kwingine.

Klabu nyingi huuawa na ukosefu wa fedha, kama Accrington ya Uingereza, mmoja wa waanzilishi 12 wa ligi ya nchi hiyo mwaka 1888, iliyovunjika mwaka 1896. Luo Union ilipoteza kitu kilicho juu ya fedha. Chama mama kilipovunjwa, timu ilibaki bila mlezi, na shabiki aliyekuwa akiifuata kwa sababu ilikuwa ya kwao alikuwa tayari na Gor Mahia, ambayo ilikuwa ya kwao vilevile. Waluhya hawakuwa na timu ya pili yenye nguvu kama hiyo ya kukimbilia, na ndiyo maana AFC Leopards ilibaki na watu wake wote.

Leo mechi kati ya Gor Mahia na AFC Leopards, inayoitwa ya mashemeji, husimuliwa kana kwamba ndiyo chimbuko la kandanda ya Wajaluo na Waluhya mjini Nairobi. Masimulizi hayo yanayaruka miaka 11 iliyotangulia kuzaliwa kwa Gor Mahia, na pia makombe mawili ya kanda yaliyoletwa Kenya na timu ambayo vijana wengi wanaoimba viwanjani hawajapata kuisikia.