Nauli Ambayo Mark Twain Hakulipa

Waandishi wawili wakubwa wa karne ya 19 waliwafanya wasomaji wao waitamani safari ya meli ya starehe, na wote wawili hawakutoa nauli mfukoni. William Thackeray alipewa tiketi ya bure na kampuni ya P&O mwaka 1844, akazunguka Mediterania hadi Cairo, kisha akaandika kitabu kuhusu safari hiyo. Mark Twain naye, mwaka 1867, alilipiwa na gazeti la Alta California la San Francisco, ambalo lilimlipa pia kwa barua alizotuma njiani. Barua hizo ndizo zilizozaa The Innocents Abroad, kitabu kilichotoka mwaka 1869 na kumpa umaarufu.

Sasa hebu tuisome historia hii upande wa pili, yaani upande wa mlipaji: baba na mama waliokaa mezani usiku, watoto wamelala, wanajumlisha.

Twain ametusaidia bila kukusudia. Katika sura ya kwanza ya kitabu chake ameweka tangazo zima la safari ya meli Quaker City, lile lililosambazwa kwa wateja. Wasomaji wengi huliruka ili wafike kwenye vichekesho. Mimi nakusihi usiliruke, maana lina mambo yote ambayo kipeperushi cha leo kinayo. Nauli ya mtu mzima ilikuwa dola 1,250 za karatasi. Ili jina lako liandikwe ulitanguliza asilimia 10, yaani dola 125, kama mtu anayepeleka kishika uchumba. Halafu, chini kabisa, kwa upole, msomaji anaambiwa kwamba dola 5 kwa siku zitatosha kwa matumizi ya nchi kavu. Dola hizo 5 ni za dhahabu.

Hapo ndipo penye kazi. Marekani ilikuwa imetoka vitani miaka miwili tu nyuma, na dola ya karatasi ilikuwa na thamani ndogo kuliko ya dhahabu. Tangazo moja, basi, lilikuwa na sarafu mbili. Tupige hesabu. Meli iliondoka New York tarehe 8 Juni na kurudi tarehe 19 Novemba, siku 164. Tuseme nusu tu ya siku hizo, 82, zilitumika nchi kavu. Hiyo ni dola 410 za dhahabu kwa mtu mmoja. Mume na mke walioona nauli ya dola 2,500 wangehitaji dola 820 zaidi, na kuzipata kwa noti za karatasi kungewagharimu zaidi ya hapo. Theluthi nzima ya nauli imejificha katika sentensi moja!

Na hazikuwa pesa za kukwepeka. Twain na wenzake walipoamua kupita nchi kavu kutoka Beirut kuelekea Jerusalem, walimkodi kiongozi wa msafara, mwenye mahema, farasi na mpishi, kwa bei gani? Dola 5 kwa siku kwa kila mtu, dhahabu. Ni kweli tangazo lilisema abiria anaweza kubaki melini bandarini bila kulipa zaidi. Lakini nani avuke bahari zote hizo ili aitazame Nchi Takatifu kutoka kwenye sitaha?

Kuna pia suala la lini ulipe. Vyumba na viti vya mezani viligawiwa kwa mpangilio wa malipo: wa kwanza kulipa, wa kwanza kuchagua. Hilo lilimsukuma mtu awahi. Lakini aliyewahi alikuwa pia ananunua ahadi. Jenerali Sherman na mhubiri maarufu Henry Ward Beecher walitajwa kuwa watasafiri, na wote wawili hawakusafiri. Meli iliyotangazwa kuwa na uwezo wa kubeba abiria 150 iliondoka na watu wapatao 65, wengi wao wazee. Familia kamili zilikuwa chache. Hata Jervis Langdon, tajiri wa makaa ya mawe wa Elmira, alimpeleka mwanawe Charles peke yake, kijana wa miaka 17. (Familia hiyo ilipata faida isiyokuwamo kwenye tangazo: Charles alimwonyesha Twain picha ya dada yake Olivia, na mwaka 1870 Twain akamwoa.)

Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Bei nayo huundwa, na anayeiunda hutazama kalenda yake, si yako. Ushahidi mzuri ni wa Albert Ballin wa Hamburg. Kampuni yake ilikuwa na meli nzuri za kuvuka Atlantiki ambazo wakati wa baridi zilikosa abiria. Tarehe 22 Januari 1891 aliituma Augusta Victoria ikatembeze watalii Mediterania kwa takriban miezi miwili. Wengi huihesabu safari hiyo kuwa mwanzo wa biashara hii kama tunavyoijua. Meli inakula hela hata ikiwa imetia nanga, kwa hiyo heri isafiri. Watu wa pwani yetu, waliopanga biashara kwa kusi na kaskazi, wangemwelewa Ballin mara moja.

Kanuni hiyo haijabadilika. Visiwa vya Karibi huwa na bei nafuu Septemba kwa sababu mbili zinazokutana: shule za Marekani zimefunguliwa na vimbunga viko kileleni. Unafuu, kwa maneno mengine, huja pale ambapo wengine hawawezi au hawataki kusafiri. Mwenye watoto wa shule ndiye anayebanwa zaidi, kwa kuwa tarehe zake zinajulikana na kila muuzaji. Bei anayotajiwa ni ya mtu mmoja, kwa sharti kwamba wawili wanalala chumba kimoja. Bakshishi, vinywaji, intaneti na matembezi ya nchi kavu mara nyingi hufuata baadaye. Ni zile dola 5 za dhahabu, zimebadilisha nguo tu.

Kwa hiyo anayekadiria gharama aanzie chini ya ukurasa. Ajumlishe kwanza siku za bandarini, aulize arubuni inarudishwa hadi lini, ndipo arudi juu kwenye nauli.

Sisi wapenzi wa vitabu tumerithi maandishi mawili kuhusu safari hizi: tangazo la muuzaji, na kitabu cha mgeni aliyelipiwa. Maandishi ya tatu, daftari la mama aliyejumlisha na kutoa kwa miezi kadhaa halafu akaamua waende au wabaki, hayakuchapwa. Mimi ningelisoma hilo kabla ya Twain.