Farasi Mmoja, Viwanja Viwili

Huku kwetu Mbezi Beach farasi wa mashindano hatuna, lakini mchanga tunaujua. Anayetimua mbio barabarani mpeleke ufukweni, uone anavyozama. Hesabu hiyo ndiyo iliyowashinda watabiri wa mbio za farasi mwaka 2008.

Machi mwaka ule, Curlin wa Marekani alitwaa Kombe la Dunia la Dubai, katika uwanja wa udongo wa Nad Al Sheba. Septemba akashinda tena New York, udongo vilevile. Oktoba akapelekwa Santa Anita, California. Huko udongo ulikuwa umeondolewa, ukawekwa mchanga uliochanganywa na nyuzi na gundi ya kiwandani, kwa nia ya kupunguza farasi kuvunjika miguu. Watabiri wakafungua madaftari, wakahesabu ushindi wake, wakamweka mbele ya wote.

Wapi! Akawa wa nne. Alishinda Raven's Pass kutoka Uingereza, akifuatwa na Henrythenavigator wa Ireland, wote wazoefu wa nyasi. Kumbe daftari lilisema kweli, ila lilisema habari za uwanja mwingine.

Dubai nao waliweka mchanga wa nta na nyuzi pale Meydan mwaka 2010. Kufikia 2015 Kombe likarudi kwenye udongo.

Sasa sisi tulioishia sekondari, ndugu msomaji, nasi tuna daftari letu: cheti kimoja, cha uwanja mmoja. Kabla hujaandika kwamba fulani ni mzito, uliza kwanza alikimbilia wapi.