Kofia ya Mchawi Darasani na Mabibi Wenye Macho Mekundu wa Shinyanga



Oktoba ikikaribia kuisha, sisi mafundi cherehani huletewa oda ya gauni jeusi la mtoto na kofia ndefu yenye ncha. Ni ya darasa la Kiingereza la mtandaoni. Mwalimu yuko nje ya nchi, na tarehe 31 watoto watasherehekea Halloween huku wakijifunza maneno mapya: boga, popo, mzimu, mchawi.

Masheikh wetu wameshatueleza kwamba sikukuu hii si yetu. Leo tutazame historia ya huyo mchawi mwenyewe.

Halloween ina mizizi Ireland, na Waairishi waliohamia Marekani karne ya 19 ndio walioieneza huko. Mchawi wake huchorwa bibi kizee mwenye pua ndefu na fagio. Lakini Ulaya, kati ya karne ya 15 na ya 18, wanahistoria wanakadiria watu 40,000 hadi 60,000 waliuawa kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake. Kule Salem, Marekani, mwaka 1692 walinyongwa watu 19, na 14 kati yao walikuwa wanawake. Leo watalii wanakwenda Salem na kofia zao za ncha kupiga picha. Kwao imekuwa mchezo kwa sababu imepita miaka zaidi ya mia tatu.

Kwetu bado. Tume ya serikali ilihesabu watu zaidi ya 3,000 waliouawa Tanzania kwa tuhuma za uchawi kati ya 1970 na 1984, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa ni Usukumani, ikiwemo Shinyanga. Dalili iliyotajwa sana ilikuwa macho mekundu. Na macho hayo yalitoka wapi? Jikoni! Miti ilikuwa imepungua, bibi akapika miaka nenda rudi kwa moshi wa kuni na samadi kavu ya ng'ombe. Mtoto akifariki au ng'ombe wakifa, ndugu walikwenda kwa mpiga ramli, naye akamtaja bibi. Usiku wakaja wakata mapanga. Mara nyingine nyuma ya tuhuma kulikuwa na shamba la mjane.

Neno "mzimu" nalo lina damu yake. Watu wenye ualbino waliitwa mizimu, ikasemwa kwamba hawafi bali hutoweka. Kuanzia 2007 mauaji yao yalishamiri Kanda ya Ziwa, kwani waganga waliwaambia wachimbaji dhahabu na wavuvi kwamba viungo vyao huleta utajiri. Geita na Shinyanga zikaingia hofu. Watoto wakaondolewa kwao na kuhifadhiwa katika Shule ya Msingi Buhangija, Shinyanga. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mtoto mwenye ualbino. Januari 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli.

Sasa fikiria mtoto wa Geita au Shinyanga aliye kwenye darasa hilo hilo. Anaoneshwa bibi kizee mweusi guo na kuambiwa "huyu ndiye mchawi", kisha mtu mweupe pee na kuambiwa "huyu ni mzimu". Jirani yake anaweza kuwa bibi wa macho mekundu, na rafiki yake ana ualbino. Picha inakaa kichwani kuliko neno la Kiingereza.

Kwa hiyo mama, mwandikie mwalimu mapema, kwa adabu. Mwambie historia hii, wengi hawaijui. Omba mtoto afundishwe matunda, mavuno au nguo za harusi za kwetu, maneno yapo tele.

Na wewe bi harusi, utaingia nyumba yenye mama mkwe. Siku mwanao akiumwa, mpeleke hospitali, usikimbilie kumtazama mzee wa watu macho. Dini yetu imekataza uchawi, na Surat Al-Hujurat imetukataza pia dhana mbaya. Bibi mwenye macho mekundu mtafutie jiko lisilo na moshi na umpeleke kwa daktari wa macho.

Allah awahifadhi bibi zetu wote, wa visiwani na wa bara. Amin.