Ng'ombe wa Kiembesamaki na kinga ya askari

Wazee wa Unguja hawajavisahau Vita vya Ng'ombe. Mwaka 1951 serikali ya Mwingereza iliamuru ng'ombe wachanjwe kimeta, na wakulima wa Kiembesamaki wakagoma. Walikuwa tayari na kinyongo: ardhi yao ilishachukuliwa kwa ajili ya kiwanja cha ndege, na sasa serikali ile ile ilikuwa imewafuata hadi zizini. Watu 19 wakakamatwa na kushitakiwa. Tarehe 30 Julai umati wa ndugu na majirani ukaja kuwakomboa kwa nguvu. Polisi wakafyatua risasi, watu wakafa.

Waliosimama kizimbani kwa ghasia zile ni wanakijiji. 

Kwa nini asishitakiwe aliyefyatua risasi? Kanuni za adhabu ambazo Mwingereza alizieneza Afrika Mashariki zina jibu. Hakimu au ofisa wa polisi akiona watu 12 au zaidi wanafanya ghasia, anaweza kuwaamuru kwa jina la mtawala watawanyike. Wakikaidi, askari huruhusiwa kutumia nguvu, na nguvu hizo zikiua hana kesi ya jinai wala ya madai. Wakubwa hukumbuka kinga hiyo upesi. Husahau sharti lake: nguvu ziwe zile tu zilizo lazima ili kuushinda ukaidi. Anayemlenga mtu anayekimbia ametoka nje ya sheria hiyo hiyo inayomkinga.

Katiba ya Zanzibar ya 1984 ikaja na haki ya kuishi. Mwaka 1990, mkutano wa Umoja wa Mataifa mjini Havana ukakaza zaidi: polisi asipige risasi ya kuua ila pale ambapo hakuna njia nyingine ya kuokoa uhai.

Ijumaa ya tarehe 26 Januari 2001, polisi walipiga risasi kwenye msikiti wa Mwembetanga, mwendo mfupi kutoka Mji Mkongwe. Imamu aliuawa, na muumini mmoja naye. Chama cha upinzani cha CUF kilikuwa kimeitisha maandamano ya kesho yake kupinga matokeo ya uchaguzi wa Oktoba 2000, na serikali ilikuwa imeyapiga marufuku. Siku ya pili watu waliandamana hata hivyo, damu ikamwagika zaidi Pemba, na watu wapatao 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Hashim Mbita ilitaja vifo 31. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilihesabu visivyopungua 35.

Safari hii pia walioshitakiwa ni raia. Muafaka wa Oktoba 2001 kati ya chama tawala, CCM, na CUF ukazifuta kesi zao, na ilikuwa haki zifutwe. Lakini hakuna askari aliyefikishwa mahakamani kwa mauaji yale. Tume huhesabu maiti na kutoa mapendekezo. Mahakama ndiyo ingemuuliza askari, mbele ya waliofiwa: marehemu alikuwa umbali gani, ameshika nini mkononi, na nani alitoa amri ya kupiga?