Sungura wa Lund na Kisa cha Dopamini

Sungura wa mtafiti Arvid Carlsson, katika maabara yake mjini Lund, Sweden, walikuwa hai, ila ungewaona ungedhani wanakata roho. Masikio yamelala, mwili umelegea, hawasogei. Carlsson alikuwa amewadunga reserpini, dawa itokanayo na mmea ambao waganga wa India waliutumia tangu zamani kutuliza wagonjwa wa akili. Kisha akawadunga levodopa. Haukupita muda mrefu, masikio yakasimama na sungura wakaanza kutembea kama kawaida. Huo ulikuwa mwaka 1957.

Siku hizo wataalamu waliichukulia dopamini, kemikali ya mwilini, kuwa malighafi tu ambayo mwili hutengenezea kemikali nyingine, noradrenalini. Mwaka uliofuata Carlsson na wenzake walipima ubongo wenyewe. Reserpini ilikuwa imekausha akiba ya dopamini, na levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, ikairudisha.

Hoja kwamba neva hupashana habari kwa kemikali haikuwa ngeni. Mwaka 1921, huko Graz, Austria, Otto Loewi aliuchokoza kwa umeme mshipa wa fahamu wa moyo wa chura, mapigo yakapungua. Akachukua maji yaliyouzunguka moyo ule, akayatia kwenye moyo wa pili, nao ukapunguza mwendo. Mwaka 1936 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Henry Dale. Cha ajabu, Carlsson alipopeleka hoja yake, kwamba dopamini nayo hupeleka habari ubongoni, kwenye mkutano wa London mwaka 1960, Dale huyohuyo alikuwa miongoni mwa waliomtilia shaka. Hata wazee wa sayansi huchelewa kusadiki.

Jibu lilitoka Vienna mwaka huohuo. Mtafiti Oleh Hornykiewicz alichunguza ubongo wa watu waliofariki wakiwa na ugonjwa wa Parkinson, unaodhoofisha mwendo, akakuta sehemu inayoratibu mwendo imepungukiwa mno na dopamini. Mwaka 1961, yeye na daktari Walther Birkmayer waliwadunga wagonjwa levodopa. Watu walioshindwa hata kuketi kitandani wakainuka, wakatembea. Carlsson alisubiri Nobel yake hadi mwaka 2000.

Lakini dopamini si habari ya mwendo wa viungo tu. Mtafiti Wolfram Schultz, akifanya kazi Fribourg, Uswisi, aliona jambo jingine kwa nyani wake. Tone la maji ya matunda lisilotarajiwa lilizisisimua seli za dopamini. Nyani alipokwisha kuzoea ishara inayolitangulia, seli zilisisimka kwa ishara, si kwa tone. Kwa hiyo wale wanaoiita dopamini kemikali ya raha wanarahisisha mno; inahusika zaidi na kutarajia na kutamani.

Wagonjwa wa Parkinson walilijua hilo kwa uchungu. Miaka ya 2000 madaktari walianza kuripoti watu wazima, watulivu maisha yao yote, waliozama kwenye kamari baada ya kuanzishiwa vidonge vinavyoiga dopamini. Wengine walinunua vitu ovyo, wengine wakashindwa kuzuia tamaa ya ngono. Aibu iliwafumba midomo, na familia zikashtukia madeni yamekwisha kurundikana. Dawa ilipopunguzwa au kusitishwa, wengi wao waliacha. Leo daktari anayetoa vidonge hivyo hushauriwa kumwonya mgonjwa mapema, na kumuuliza mkewe au mumewe kuhusu matumizi ya pesa nyumbani.